Kitanda cha Kamba na Gurudumu la Tuktuk

Maneno haya niliyasema alasiri moja mbele ya madereva wa tuktuk hapa Malindi, nyuma ya gereji, watu wamekalia matairi mabovu na mabenchi ya kuazima. Waliokuwa safarini siku hiyo wameniomba niyaandike. Nayaandika kama yalivyonitoka, ila kikohozi nimekiondoa, na mizaha miwili mitatu ambayo wake zenu wasingeipenda.

Assalaam aleikum. Na ndugu zangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi, na ahsante zaidi kwa kunipa kabla ya Maghrib.

Nimeambiwa nizungumzie usalama barabarani. Usalama barabarani mmeshausikia kwa watu wenye magwanda, nao wanajua kazi yao. Mimi nina kitu kimoja tu, nacho kinaenea kiganjani. Hiki hapa. Nati ya gurudumu la nyuma la tuktuk. Ukiipoteza hii utapata nyingine dukani kwa bei ya vikombe vichache vya chai. Ndiyo sababu hakuna anayeihurumia.

Kwanza nataka kuona mikono. Nani kati yenu aliendesha bodaboda kabla ya kupanda tuktuk? Haya. Na huku nyuma? Karibu nyote. Shushani mikono. Ugonjwa nitakaoueleza unaanzia hapo, wala si kosa lenu.

Gurudumu la bodaboda limepitishwa ekseli moja katikati, na nati yake kubwa imebanwa pembeni. Unaigusa siku ya kukaza cheni au siku ya pancha, basi. Mtu aweza kuendesha pikipiki miaka mitano asijue nati za gurudumu ni kitu cha kuangaliwa. Kisha anapata tajiri, anapewa tuktuk, na anakwenda nayo vilevile. Chini yake sasa kuna magurudumu yaliyofungwa kama ya gari, nati kadhaa zikizunguka katikati ya rimu, na hakuna aliyemwambia.

Ugonjwa huu hata Wamarekani wanao. Huko kuna watu wazima wenye pikipiki kubwa za magurudumu matatu, za starehe, yule mtu ametoka kwenye magurudumu mawili miaka thelathini, halafu goti limeanza kuuma, amejiongezea gurudumu la tatu. Si jambo jipya kwao. Harley-Davidson walitengeneza pikipiki ya magurudumu matatu iitwayo Servi-Car tangu 1932 hadi 1973. Polisi waliitumia, na mafundi wa gereji waliitumia vizuri sana: fundi anaipanda mpaka kwa mteja, anaifunga nyuma ya gari la mteja, anarudi na gari gereji pikipiki ikifuata nyuma kama mbuzi wa kamba. Nilipolijua hilo nilijiuliza kwa nini sisi hatukufikiria. Lakini na hao wa starehe wa leo, ukiwasikia mafundi wao, kilio ni kilekile: mwenye chombo hajui kwamba zile nati ni zake.

Sasa, mbali na mazoea, kuna jambo la mwendo wenyewe. Pikipiki ikikata kona inalala. Ikilala, uzito unashuka kwa kufuata gurudumu lilivyoinama, unafika ardhini, umekwisha. Tuktuk hailali. Inakata kona imesimama wima kama kabati la nguo juu ya mkokoteni. Kwa hiyo kila kona gurudumu la nje linasukumwa ubavuni. Rimu inataka kuteleza upande huu, habu, kile kitovu cha chuma rimu inapofungwa, inataka kubaki palepale, na waamuzi wa ugomvi huo ni hizi nati. Tia abiria watatu nyuma, tia gunia la mkaa miguuni mwao, kisha kata kona ya sokoni kwa mwendo mnaoujua wenyewe. Sitataja majina.

Basi hebu tuulizane. Nati inashikaje gurudumu?

(Kijana mmoja alisema, "Stadi ndizo zinazobeba gari." Wengi wakakubali. Stadi ni zile boliti zinazotoka kwenye habu, nati zinakazwa juu yake.)

Hapana, mwanangu. Nimefurahi umesema, maana hata mafundi wengi hudhani hivyo, kwamba gurudumu limetundikwa juu ya stadi kama shati juu ya msumari. Ingekuwa hivyo, stadi zingekatika kabla hujafika Gede. Kazi ya nati ni kuiminya rimu dhidi ya habu kwa nguvu kubwa, vyuma viwili vikashikana kwa msuguano kama kitu kimoja. Msuguano huo ndio unaobeba uzito wako, breki zako na kona zako. Stadi iliyokazwa sawasawa imevutika kidogo sana, sehemu ndogo ya milimita, inataka kurudi urefu wake, na kwa kutaka kurudi inaendelea kuminya. Ni springi, ila ni springi usiyoiona ikicheza.

Wangapi wenu wamelala kitanda cha kamba? Si cha duka, cha kamba, alichokiwamba babu. Mnakumbuka kinavyowambwa? Huvuti upande mmoja ukaumaliza. Unavuta hapa kidogo, unakwenda upande wa pili, unarudi, mpaka kamba zote zinalia sauti moja ukizipiga kwa kidole. Halafu usiku wa kwanza mnalala vizuri. Siku ya tatu kimeshuka katikati, mume na mke mnakutana mkitaka msitake. Kamba haikukatika, fundo halikufunguka. Kamba imekaa, imejilaza pale ilipokuwa imesimama. Babu anajua, wala hamlaumu mtu. Anarudi, anakaza tena mara moja, na baada ya hapo kitanda kinadumu.

Gurudumu ni kitanda hicho. Ukishalifungua kwa sababu yoyote na kulirudisha, litakaa. Kuna vumbi kati ya rimu na dramu, ile ngoma ya breki iliyo juu ya habu, linasagika. Kuna kutu, inapukutika. Kuna vinundu vidogo vya chuma, vinalala. Vyote hivyo ni unene, na unene ukipungua hata upana wa unywele, ile springi imelegea. Nati haijazunguka hata robo. Ukiitazama iko palepale ulipoiacha. Lakini haiminyi tena.

Na isipominya, rimu inaanza kutikisika pembeni, kidogo kidogo. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani aitwaye Gerhard Junker alichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Alionyesha kwamba kinachofungua nati hasa ni ule mwendo wa ubavuni, chuma kimoja kikiteleza juu ya kingine huku na huku. Kikishaanza, nati inajifungua yenyewe kwa nyuzi zake, ile mikato ya kuzungukia, bila mkono wa mtu. Nendeni mkaifikirie kona ya sokoni tena. Na washa ya springi, ile pete ya chini ya nati iliyokatwa mahali pamoja, ambayo sote tumeiamini tangu tukiwa watoto gerejini, katika mashine ya kutikisa vyuma ubavuni kama ya Junker hailindi kama tulivyodhani. Mimi mwenyewe niliumia kusikia hilo. Nilikuwa na kopo zima.

Sasa nitawaambia aibu yangu, maana ni bora niitaje mimi kuliko kuitajiwa na huyu anayecheka pale mbele.

Mwaka fulani, wiki ya Idi, dereva mmoja aliniletea tuktuk yake nimpambe. Akataka rimu ziwe za fedha. Nikazisugua, nikazipaka rangi, koti la kwanza, la pili, na la tatu kwa sababu mkono ulikuwa umenoga. Nilipaka kila mahali. Nilipaka mpaka ndani ya yale mashimo nati zinapokalia, na nyuma pale rimu inapokutana na dramu. Zikang'aa, wallahi, ungeweza kunyolea ndevu. Nikafunga, nikakaza kwa nguvu zote, nikapokea pesa yangu.

Siku ya tatu alikuwa anakwenda Mambrui na mama mmoja na ndoo zake mbili za samaki. Amevuka daraja la Sabaki, anasikia kitu kinagonga nyuma, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Akasema atatazama akifika. Mbele kidogo akaona gurudumu linampita upande wa kushoto, peke yake, linakwenda zake. Alinieleza kwamba jambo la kwanza alilojiuliza ni la nani. Halafu tuktuk ikakaa chini kwa dramu.

Hakuna aliyeumia, Alhamdulillah. Alikuwa polepole na hapakuwa na lori nyuma. Samaki walimwagika. Yule mama nililipa samaki wake, na bado nikikutana naye sokoni hunisalimu kwa jina la rangi.

Kosa lilikuwa nini? Nati nilikaza. Lakini nilikaza juu ya rangi, na rangi si chuma. Chini ya ule mbano, pamoja na joto la breki, ililainika, ikabanwa, ikapukutika. Unene wa makoti matatu mbele, matatu nyuma. Kitanda kilishuka chote. Tangu siku hiyo, pale nati inapokalia na pale rimu inapolalia dramu, ni chuma kitupu, kimesuguliwa kwa brashi ya waya. Pakeni rangi kwingine mpendavyo, hata maua.

Sasa kukaza. Hapa nina ugomvi na nyinyi, na ugomvi mkubwa kuliko huo nina na mafundi wenzangu. Mtu anachukua spana, anaingiza bomba kuongeza urefu, anapanda juu kwa miguu, anaruka. Watu wanampigia makofi. Hebu tufanye hesabu. Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa Newton-mita. Ukitundika kilo 10 kwenye ncha ya mpini wa mita moja, hapo ni karibu Newton-mita 100, na gari dogo la kawaida linataka kiasi cha kuzunguka hapo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya mpini wa nusu mita, ametia zaidi ya 340. Bado hajaruka. Na stadi ya tuktuk ni nyembamba kuliko ya gari. Umeivuta springi mpaka imepoteza uspringi. Chuma kimenyooka, hakirudi tena, na kisichotaka kurudi hakiminyi. Kwa hiyo mtu huyo amekaza kupita wote, na gurudumu lake ndilo la kwanza kulegea. Atasema amerogwa.

Namba ya chombo chako imo ndani ya kitabu chake. Kila muundo una namba yake, usichukue ya jirani. Na spana yenye kipimo, ile inayolia *tak* ukifika, nunueni moja kwa stendi nzima. Changeni. Mnachangia harusi za watu msiowajua.

Mafuta nayo. Najua, chumvi. Tunaishi na chumvi. Kusi likivuma, chuma kinakula kutu umekitazama, na wale mnaopeleka watu Gongoni na Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi mnarudi na magurudumu meupe. Kwa hiyo mkono unataka kupaka grisi kwenye nyuzi za stadi ili kesho nati ifunguke. Nawaelewa. Lakini sikilizeni: ukikaza nati kavu, katika kila sehemu 10 za nguvu unazotia, karibu 9 zinaliwa na msuguano, kwenye nyuzi na pale nati inapokaa. Sehemu moja tu ndiyo inayovuta stadi. Na namba ya kitabuni imepigwa hesabu hivyo, kwa nyuzi safi na kavu, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Ukipaka grisi, msuguano unapungua, na kwa mkono uleule stadi inavutwa kupita kiasi. Spana imelia *tak* vizuri, wewe umeridhika, kumbe umeshaivuruga. Nyuzi zisugueni kwa brashi, zifuteni kwa kitambaa. Nati iliyoliwa na kutu isipakwe, itupwe. Kama lazima mkono wako uguse grisi, paka kidogo sana pale kitovuni, habu inapoingia katika shimo la katikati la rimu, ili isigandamane. Zaidi ya hapo, maji baridi ya mfereji baada ya safari ya pwani ni dawa kuliko grisi.

Nati zenyewe zitazameni sura. Nyingine zina kitako cha koni, nyingine kimeviringana, nyingine ni bapa na washa yake. Shimo la rimu nalo limetengenezwa kwa umbo lake. Nati ya koni juu ya shimo lisilo lake inagusa ukingo mwembamba tu. Leo imekaza, kesho imechimba, keshokutwa imelegea. Hili linatokea sana mtu anapoazima nati moja kwa jirani baada ya pancha usiku.

Na tumefika kwenye pancha, na hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo.

Rimu nyingi za tuktuk zina ukoo. Tuktuk tunazoziendesha zinatokana na chombo kiitwacho Ape, kilichotengenezwa na Piaggio huko Italia mwaka 1948, nacho kilitokana na Vespa ya miaka miwili kabla yake. Vijana wetu wa ufuoni wanaojua Kitaliano watawaambia Vespa ni nyigu na Ape ni nyuki. Mhandisi ni mmoja, Corradino D'Ascanio. Wahindi wa Bajaj walianza kwa leseni ya Piaggio. Katika ukoo huo rimu ni ya vipande viwili, kama sahani mbili zilizofunikana, na tairi katikati. Kwa hiyo mna jamii mbili za nati: zinazoshika rimu kwenye dramu, na zinazoshika sahani mbili zisiachane. Ukiwa na haraka, jua kali, abiria anakunja uso, ni rahisi kuweka spana kwenye zisizo zake. Na kama tairi lina upepo, hizo sahani zinaachana kwa mpasuko. Vyuma viwili na upepo wote huo mbele ya uso wako. Toa upepo wote kwanza, toa kabisa mpaka tairi lilegee mkononi, ndipo uguse nati za sahani. Sifanyi mzaha hapa. Huyu wa mbele ameacha kucheka, vizuri.

Ukirudisha gurudumu: jeki juu, nati zote kwa vidole mpaka zikae. Zikigoma kwa vidole usizilazimishe kwa spana, kuna nyuzi zimeumia. Kisha kaza nusu, ukiruka kutoka moja kwenda ya upande wa pili. Wenye nati tatu hamna upande wa pili, basi zungukeni, kila moja kidogo, mara mbili tatu, kama babu na kitanda. Shusha chini, malizia kwa kipimo. Wenye gereji zenye bunduki ya upepo, ile spana ya mashine, itumieni kufungulia. Kufunga mwachieni mtu na mkono wake.

Halafu unarudi. Hili ndilo nililowaitia. Mafundi wa magurudumu kwa desturi husema urudie kukaza baada ya kilomita kati ya 80 na 160. Hiyo ni kwa barabara zao. Kwa barabara zetu, na mizigo yetu, nasema 50. Watamu kwenda na kurudi mara moja, umeshafika. Kwa hiyo ukizibiwa pancha asubuhi, kabla ya chakula cha mchana spana iguse nati tena. Fundi wa pancha hawezi kukufanyia, yeye yuko chini ya mwembe wake, na wewe uko Barani. Ni mkono wako. Subiri tu dramu ipoe, usikaze chuma chenye moto.

Ukigusa, moja ikizunguka kidogo, hakuna shida, kitanda kimekaa, endelea. Rudia kesho. Lakini nati inayozunguka mara ya pili na ya tatu, usiendelee kuikaza kila asubuhi kama mtu anayemkanda mgonjwa. Fungua, utafute sababu. Ni rangi, ni kutu, ni shimo limekuwa yai, ni stadi imenyooka. Kuna kitu.

Pitisheni hii mkono kwa mkono. Ni stadi iliyokatika, niliitoa kwenye tuktuk mwezi uliopita. Tazameni pale ilipokatikia. Upande mmoja ni laini, umefifia, una mistari myembamba imefuatana, kama mchanga wa ufuoni maji yakipwa. Upande mwingine unameremeta na umekwaruzika kama sukari guru iliyovunjwa. Pale laini ni ufa wa zamani, ulikuwa unatembea kila siku kidogo, kila mstari ni hatua. Pale penye sukari ndipo ilipokatika siku yenyewe. Dereva aliniambia imekatika ghafla. Haikukatika ghafla. Gurudumu la tuktuk lenye tairi la kipimo cha 4.00-8, ambalo ndilo mlilo nalo wengi, linazunguka zaidi ya mara 750 kwa kila kilomita. Nati ikiwa imelegea, kila mzunguko stadi inakunjwa na kukunjuliwa. Watamu na kurudi ni zaidi ya mara 35,000. Chukua waya, ukunje mara 35,000, uniambie.

Na ikikatika moja, au nati moja ikidondoka, usiseme zimebaki nyingine. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini hapa hakuna nafuu, mzigo wa aliyeondoka wanabebeshwa waliobaki. Gurudumu likishatembea limelegea, badilisha stadi zake zote, si ile moja tu. Rimu nayo, mashimo yakishakuwa mayai, ifanyeni chungu cha maua.

Dalili mnazo, mkitaka kuziona. Vumbi jekundu linalotoka chini ya nati kama wanja uliochuruzika, hiyo ni kutu inayosagwa, kuna kitu kinacheza. Chuma kinachong'aa kuzunguka shimo. Kugonga kwa polepole unapoanza kuondoka. Na kuna ile ya kugonga nati kwa spana na kusikiliza, kama mama anavyougonga mtungi kabla ya kuununua: iliyokaza inalia, iliyolegea inajibu butu. Nzuri kwa asubuhi, ila haitakuambia iliyolegea nusu. Kwa hiyo mimi napenda zaidi mstari. Ukishakaza kwa kipimo, chora mstari mmoja kutoka nati mpaka rimu. Nati ikizunguka, mstari umevunjika, unauona umesimama. Mabasi makubwa na malori mmeyaona na vile vidole vya plastiki vya njano juu ya nati, ni kazi hiyohiyo. Sisi rangi ya kucha inatosha. Ombeni nyumbani, msiibe.

(Hapo mzee mmoja, naye ni mwenye tuktuk tatu, akauliza: "Na nani aangalie? Dereva wa mchana au skwodi wa usiku?")

Mzee, swali lako ni zito kuliko hotuba yangu yote. Nitakujibu kwa heshima, lakini nitakujibu. Chombo kinachoendeshwa na watu wawili hakina mwenyewe. Wa mchana anasema wa usiku ataangalia, wa usiku anakabidhiwa gizani. Na wote wawili wana hesabu ya kukuletea wewe, kila siku, iwe mvua iwe jua. Dakika tano za nati hazimo ndani ya hesabu hiyo. Ukitaka ziwemo, zitie wewe. Funguo zisipokewe mpaka mistari yote imetazamwa na wote wawili, kwa tochi ya simu kama ni usiku. Na anayekuambia nati ya nyuma inalegea kila siku, usimwambie akaze aende kazini. Mwambie alete gereji, na siku hiyo usimdai hesabu.

Naona mzee ananitazama. Mzee, samahani. Lakini umeuliza.

Jua linashuka na nimeahidi kuwaachia kabla ya adhana. Sitaki maswali zaidi ya mdomo, nataka tuone vyombo. Wewe wa tuktuk ya buluu pale mwisho, ndiyo, wewe, sogeza hapa mbele kwenye saruji. Umesema juzi ulipata pancha Ganda? Nyuma kushoto. Umerudia kukaza? ... Haya, zima injini. Mtu alete spana, na mwingine alete jiwe la kuzuia gurudumu la mbele.